Mnyama Mfano wa Ua: Kumtunza Anemoni wa Bahari Nyumbani

Ukurasa huu umezoea habari za kuku, bustani za mchicha na malezi ya watoto. Juma hili tunashuka pwani. Tangi la kioo lenye viumbe wa maji chumvi ni pambo ambalo askari na watumishi wengi waliopata kukaa karibu na bahari hulitamani, na katika viumbe hao hakuna anayevuta macho kuliko anemoni wa bahari, mnyama laini aliyefanana na ua lililochanua juu ya jiwe. Hakuna pia anayekufa upesi kama yeye akiangukia mikono isiyojua. Ndiyo maana yafaa tumzungumzie kwa urefu kabla mtu hajashika kisu kwenda kumbandua mwambani.

Kutoka Kisimayu kushuka kusini hadi Ras Kamboni imepangana safu ya visiwa vya Wabajuni: Koyama, Chovai, Chula, Ngumi na vinginevyo vidogo. Ni visiwa vya mwamba wa matumbawe, na baina yao na bara maji yametulia kuliko ya bahari kuu. Maji ya bamvua yanapokupwa, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, vidimbwi hubaki katika mwamba, na humo anemoni huonekana bila kupiga mbizi. Wengine ni wa kijani, wengine kahawia, wengine wana ncha za zambarau. Mkono ukiwakaribia hujikunja wakawa mfano wa donge.

Wabajuni wa visiwa hivi, ambao lugha yao huitwa pia Kitikuu, si wageni wa kuweka kiumbe cha bahari kikiwa hai kwa faida yao. Wavuvi wao wamesifika tangu zamani kwa kumvua kasa kwa kumtumia samaki chazo, yule mwenye kibandiko kichwani. Chazo hufungwa kamba mkiani, akaachiliwa, akaenda kujibandika gambani mwa kasa, kisha vyote viwili vikavutwa polepole hadi chomboni. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza Unguja, alipeleka London habari za uvuvi huu wa pwani yetu, na wasomi wa huko wakastaajabu. Tangu serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 Wabajuni wengi wamekimbia kwa mashua hadi Kenya, na baadhi wakafika Ulaya. Lakini ukimpata mzee mvuvi aliyebaki au aliyerudi, muulize yeye kwanza juu ya maji na upepo kabla ya kukiuliza kitabu chochote.

Tumtazame sasa mnyama mwenyewe. Anemoni hana mifupa, hana macho, hana ubongo. Mwili wake ni mfuko wenye kitako cha kujishikiza chini na tundu moja juu, lililozungukwa na minyiri. Tundu hilo ndilo mdomo, na ndilo pia njia ya kutolea taka. Ndani ya ngozi ya minyiri kuna vishale vidogo mno vyenye sumu, ambavyo hufyatuka kiumbe kinapoigusa. Kwa vishale hivyo hukamata samaki wadogo na kamba. Lakini anemoni wakubwa wa bahari zetu za joto hawaishi kwa mawindo peke yake. Ndani ya nyama yao unakaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Huo ndio unaompa rangi ya kahawia au ya kijani. Mwani ukimtoka, anemoni hubaki mweupe kama karatasi. Wageni wa jambo hili humsifu kwa uzuri huo mpya, kumbe mnyama anakaa na njaa.

Wako pia samaki wadogo wanaoishi katikati ya minyiri bila kudhurika, kwa sababu ya ute uliofunika miili yao. Katika pwani ya Afrika Mashariki wanajulikana hasa wa aina mbili: mmoja wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye mapezi ya manjano na mikanda miwili myeupe, na mwingine wa machungwa yaliyopauka mwenye mstari mweupe mgongoni. Samaki hawa huzaliwa wote madume. Mkubwa wa kikundi ndiye hugeuka jike, naye akifa, dume la pili kwa ukubwa hushika nafasi yake. Samaki humlinda anemoni dhidi ya wale wanaopenda kumdonoa, na taka zao humlisha ule mwani. Basi anayembandua anemoni mkubwa mwambani hakuchukua mnyama mmoja. Amevunja nyumba ya ukoo mzima, na samaki waliobaki uchi huliwa upesi.

Je, yawezekana kumweka nyumbani akaishi? Yawezekana sana. Mwaka 1828 bwana mmoja wa Scotland, Sir John Dalyell, aliokota anemoni katika pwani ya North Berwick akamweka katika chombo kidogo cha kioo. Mnyama yule alimzidi bwana wake umri, akapita mikononi mwa walinzi wengine, akazaa watoto kwa mamia, na watu wa Edinburgh wakampa jina la Bibi. Alikufa mwaka 1887. Miaka hiyo hapakuwa na pampu ya umeme wala taa za kisasa katika nyumba za watu. Kilichomweka hai Bibi ni maji safi ya bahari, yaliyobadilishwa bila kukoma na mikono iliyopokezana kazi. Ni kweli kwamba alikuwa wa jamii ya maji baridi, iliyo ngumu kufa kuliko hawa wetu. Hata hivyo siri ni ile ile: anayemfuga anemoni hafugi mnyama, anafuga maji.

Kwa hiyo tuanze na maji, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwani kati ya anemoni wafao majumbani, sehemu kubwa huuawa na maji.

Mkaaji wa Nairobi au Kampala hana budi kununua chumvi maalumu na kuikoroga. Wewe uliye Kisimayu una bahari mlangoni, lakini si kila maji ya bahari yanafaa. Usichote karibu na bandari, ambapo mafuta ya vyombo huelea, wala mahali mifereji ya mji inapomwagika. Usichote baada ya mvua kubwa. Kumbuka pia kwamba Mto Juba humwaga maji yake Gobwen, kaskazini ya mji, na katika miezi ya mafuriko, kama ilivyokuwa Novemba 2023, mto huleta matope na maji baridi yasiyo na chumvi. Mkondo ukielekea kusini, taka hizo huweza kufika mbali. Wakati mzuri ni maji yanapojaa, upande wa bahari iliyo wazi, siku ya utulivu. Msimu wa kaskazi kazi hii ni nyepesi. Wakati wa kusi mawimbi hukoroga mchanga, na itakubidi kungoja siku yenye nafuu.

Chukua dumu la lita 20 ambalo halijapata kutiwa mafuta ya taa, sabuni wala dawa ya wadudu. Maji uyachuje kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa kwa maji matupu, uyatumie siku ile ile au kesho yake. Yakikaa yamezibwa, viumbe vidogo vilivyomo hufa na maji huoza. Tangi la anemoni lisipungue lita 200. Katika tangi hilo badilisha dumu moja kila juma, yaani sehemu moja ya kumi. Ni kazi ya nusu saa, lakini ni kila juma, si juma ambalo mwenye nyumba amejisikia. Nataja pia kwamba lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 205, bado hujahesabu kioo na mchanga. Meza ya kulia chakula haitalibeba.

Jambo la pili huwakosesha watu wengi. Maji yanayopungua tangini kwa joto ni maji matupu, chumvi haiondoki. Ukijazia kwa maji ya bahari, chumvi huongezeka siku hata siku mpaka mnyama anakunjamana. Piga mstari kwa kalamu kwenye kioo siku tangi linapojaa, na kila asubuhi rudisha maji hadi mstarini kwa maji yasiyo na chumvi. Yawe maji gani? Visima vingi vya pwani vina chumvi-chumvi. Maji ya mvua yaliyoteremka juu ya mabati huenda yakabeba madini, na madini kama zinki na shaba ni sumu kwa anemoni hata yakiwa kidogo sana. Bora ni maji yaliyochujwa ya kunywa. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache wazi katika ndoo kwa siku nzima kabla ya kuyatia. Kipima-chumvi, kiitwacho haidromita, si ghali, nacho kisome kati ya 1.024 na 1.026.

Sasa subira, ambayo dukani haipatikani. Tangi jipya lina sumu iliyofichika. Taka za viumbe na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia. Amonia huua. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni mbaya, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo maji ya dumu la kila juma huipunguza. Bakteria hawa hawamo katika kioo kipya, huota wenyewe juu ya mchanga na mawe. Kwa hiyo jaza maji, weka mchanga na pampu, tia kipande cha kamba kioze, kisha ngoja majuma 4 hadi 6. Halafu anza na samaki mmoja au wawili wagumu. Anemoni asiingie kabla tangi halijafikisha miezi 6. Najua kuna wasomaji watakaoona hili ni kuchosha watu, kwani wauzaji wako tayari kumtoa mnyama siku hiyo hiyo. Mwuzaji anauza tena mwezi ujao, ila wewe ndiwe utakayezika.

Joto ndilo adui wa pili katika nyumba zetu. Anemoni wa bahari ya joto hupendelea nyuzi 24 hadi 27 za Sentigredi. Chumba chenye paa la bati hupita hapo ifikapo adhuhuri, na tangi, kwa kuwa ni dogo, halina kina cha kukimbilia. Mwaka 1998 bahari yenyewe ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi ya magharibi yaliwa meupe na kufa, kwa sababu ule mwani ulitoka ndani yake. Katika tangi lako jambo hilo laweza kutokea kwa juma moja la Machi. Dawa yake ni rahisi. Ondoa kifuniko, weka wavu badala yake, na uelekeze pangaboi lipulize juu ya uso wa maji. Maji yakipaa huondoka na joto. Bila shaka utajazia zaidi, nawe unajua sasa kwa maji gani.

Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa hupungua majini. Ni vizuri kuwa na pampu ndogo ya betri. Asiye nayo achote maji ya tangi kwa kopo na kuyamimina kutoka juu, mara kwa mara, hata umeme urudi. Watoto wa shule huifanya kazi hii kwa furaha, afadhali kuliko kuosha vyombo.

Kuhusu mwanga, anemoni anataka mwingi, saa 8 hadi 10 kwa siku, kwa ajili ya mwani wake. Taa nyeupe zenye nguvu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zatosha. Jua la dirishani lina nuru nzuri lakini huleta joto, basi liruhusu la asubuhi tu.

Aina ipi ichaguliwe? Kwa anayeanza, ni yule ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama vitone. Huyu hustahimili zaidi, na huweza kujigawa mwenyewe wakawa wawili, hata mfugaji akampa jirani bila kurudi mwambani. Waache wale wapana kama busati. Mmoja wao hupita mita moja kwa upana, na mwingine, akaaye mchangani, humeza samaki wako mmoja mmoja ukidhani wanaibiwa.

Ninapendelea mtu apate mnyama aliyezaliwa tangini kwa mfugaji mwenzake. Anayefikiria kumtoa baharini aulize kwanza sheria ya mahali alipo. Ng'ambo ya mpaka wa kusini iko Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyowekwa na Kenya mwaka 1979, katika maji yale yale ya Wabajuni, na Malindi na Watamu zilihifadhiwa tangu 1968. Askari wa Kenya waliingia Kisimayu mwaka 2012, na wengine hupenda kurudi nyumbani na kumbukumbu. Kumbukumbu iwe picha. Mnyama hai hapiti mpaka bila kibali, na safari ya siku nzima katika lori itammaliza kabla ya Lamu. Kumbandua pia ni kazi ya ustadi. Kitako kikichanika, mnyama huoza kuanzia hapo hata maji yawe safi namna gani.

Akishafika, mpokee kwa kuchanganya maji ya tangi katika chombo chake kidogo kidogo kwa saa moja au zaidi, kisha mweke juu ya jiwe lenye ufa, pampu ikiwa imezimwa kwa muda mfupi mpaka ashike. Huenda akatembea siku za kwanza kutafuta mahali pa mwanga na mkondo unaompendeza. Mwache achague. La muhimu ni kuziba mdomo wa pampu kwa sponji au wavu, maana akivutwa humo hukatika vipande vipande na tangi zima hutiwa sumu.

Chakula si shida. Kipande cha kamba au samaki asiyetiwa chumvi, kisichozidi mdomo wake, mara moja au mbili kwa juma. Alichokitema kiondolewe.

Sasa dalili, na hizi naomba mama wa nyumba azisome pamoja na bwana, kwa sababu yeye ndiye atakayeziona. Bwana huleta tangi, huita marafiki walione, kisha zamu na doria humchukua, na dumu hubaki kwa mkewe. Ni afadhali jambo hilo lipatanwe kabla tangi halijanunuliwa. Anemoni mzima ana mdomo uliofumba, minyiri iliyojaa maji, yenye kunata. Akijikunja usiku au kwa saa kadhaa akatoa uzi wa kahawia mdomoni, msishtuke, anajisafisha. Lakini mdomo ukibaki wazi na kulegea mchana kutwa, minyiri ikawa kama nyuzi zilizolowa, na kitako kikaachia jiwe, pimeni chumvi na joto saa hiyo hiyo, mbadilishe maji hata madumu mawili. Akianza kunuka na kumeguka, amekwisha kufa. Mtoeni bila kuchelewa, na mbadilishe maji mengi, kwani mzoga wake waweza kuua samaki wote kwa usiku mmoja. Na dawa za samaki zenye shaba zisitiwe kabisa katika tangi lake. Huponya samaki na kumuua anemoni.

Anayetia mkono tangini avae glavu au anawe vizuri baadaye, asijiguse macho. Sumu ya anemoni wengi wa nyumbani huleta mwasho tu, lakini watu hawako sawa, na mtoto mwenye pumu au ngozi nyepesi asiachiwe kumshika.

Limebaki suala la uhamisho, ambalo familia za askari hulijua kuliko mtu mwingine yeyote. Barua ikija, msimwage tangi baharini mkadhani mmetenda wema. Mnyama aliyekaa na viumbe wa mahali pengine huenda akabeba ugonjwa, na aliyetoka mbali huenda akageuka mharibifu. Mwaka 1985 alionekana katika maji ya Florida, Marekani, samaki mwenye miiba ya sumu wa jamii wanaopatikana katika bahari yetu ya Hindi na katika Pasifiki. Inaaminika aliachiliwa na wafugaji. Leo jamii yake imeenea Karibiani yote, ikila samaki wachanga wa huko wasiomjua. Anemoni apewe mfugaji mwingine au shule yenye mwalimu wa sayansi aliye tayari. Asafirishwe alfajiri kabla ya jua kali, pamoja na jiwe aliloshikamana nalo, katika ndoo yenye maji ya tangi lake mwenyewe, peke yake bila samaki, na ndoo ifungwe shuka lenye unyevu. Mpokeaji awe amekwisha jaza na kulea tangi lake miezi kadhaa kabla, kwa hiyo mtafuteni mapema, si juma la kufunga mizigo.